Kusaga visiki majumbani hapa Malindi: kwa nini sitaji bei kabla ya kuiona ardhi

Mwanzisha uzi

Assalaam alaykum, na salamu kwa ndugu zangu wote wa pwani. Kazi yangu ni kusaga visiki vya miti katika nyumba za watu hapa Malindi, kuanzia Shela hadi Ganda, na mara nyingine Watamu na Gede. Kila wiki napigiwa simu inayoanza kwa swali lile lile: kisiki kimoja ni bei gani? Nikijibu kwamba lazima nije nione kwanza, wengine hukata simu wakidhani natafuta njia ya kuwapandishia bei. Nimeanzisha uzi huu ili nieleze kwa utulivu ninachokitazama ninapokuja, ili mwenye nyumba ajue analipia nini hata akimwita fundi mwingine.

Nianze na siku iliyonifunza. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilitaja bei kwa simu kwa kisiki cha mwembe kilichokuwa nyuma ya jiko la nyumba moja huko Muyeye. Niliambiwa upana wake, nikaambiwa chini hakuna kitu, nami nikafika nikawasha mashine bila kuuliza zaidi. Nilikuwa sijafika hata kina cha shubiri moja pale maji yaliporuka juu yakiwa yamechanganyika na unga wa mbao, kwa sababu bomba la plastiki la kupeleka maji jikoni lilikuwa limepitishwa chini ya mzizi wa mwembe ule miaka mingi iliyopita, na aliyelipitisha alikwisha kufariki. Mama mwenye nyumba alikuwa na hitima ya mumewe jioni ile. Vijana wa jirani walibeba maji kwa mitungi hadi alasiri huku mimi na msaidizi wangu tukichimba kwa jembe kutafuta ncha mbili za bomba. Nililirekebisha kwa gharama yangu na sikupokea malipo ya kisiki, na bado naona deni langu kwa mama yule halikuisha siku ile.

Kwa wasioijua, mashine hii ina gurudumu la chuma lililosimama wima, lenye meno pembeni, na ncha za meno hayo ni za tangsteni kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Gurudumu huzunguka kwa kasi, nami hulipitisha kushoto na kulia juu ya kisiki, likila kidogo kila linapopita, kisha nasogea mbele na kurudia. Haling'oi kisiki. Husaga kile kilicho juu ya ardhi pamoja na sehemu ya chini, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30, na mizizi iliyobaki chini na pembeni huachwa ioze yenyewe. Jambo hili nalisema mapema kwa kila mteja, maana wapo wanaotarajia kuona shimo safi lisilo na mzizi hata mmoja, na kazi hiyo ni ya kuchimba, si ya kusaga.

Nikifika, chombo changu cha kwanza ni mtaimbo. Nauzungushia kisiki chote, nikiudidimiza ardhini kila hatua na kuusikiliza. Kwenye mchanga huingia kimya. Kwenye mzizi hukwama kwa sauti nzito. Kwenye jiwe la matumbawe hulia na mkono hutetemeka hadi begani. Sehemu kubwa ya Malindi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na jina la Maweni lenyewe linatosha kumwonya mwenye mashine. Mara nyingi mizizi ya mwembe au mkwaju hupenya katika nyufa za mwamba na kulikumbatia jiwe kabisa, hata ukadhani unasaga mbao kumbe nusu yake ni mawe, na dakika chache za kusaga jiwe zinatosha kuharibu meno ambayo yangefanya kazi kwa siku nyingi.

Baada ya mtaimbo huja maswali. Mita ya maji iko wapi na jiko liko wapi, kwa sababu bomba hupita mahali fulani kati yake. Shimo la choo liko upande gani na mfuniko wake uko wapi, kwa sababu mashine yenye uzito ikisimama juu ya mfuniko wa zege uliochakaa, anayeiendesha huenda akatumbukia pamoja nayo. Je, kuna waya wa umeme uliofukiwa kwenda kwenye taa za bustani au kwenye pampu ya kisima? Je, mti ule uliwahi kuwa nguzo ya uzio? Misumari na seng'enge zilizomezwa na gome hazionekani, lakini zimo. Langoni napima upana kwa futi, kwa sababu mashine ndogo ya kusukumwa hupita katika mlango wa kawaida wa uani, na ile kubwa haipiti.

Kuhusu bei yenyewe, naomba muelewe hesabu moja. Watu wengi hudhani kisiki chenye upana wa sentimita 80 ni kazi mara mbili ya kile cha sentimita 40. Kwa kweli eneo lake ni mara nne, na mbao ya kusaga ni mara nne kwa kina kile kile. Upana nao haupimwi pale msumeno ulipokatia, bali chini kabisa, mahali mizizi inapotanuka kuingia ardhini, na kwa mwembe mzee tofauti hiyo huwa kubwa. Mnazi huvimba kidogo tu chini. Siandiki bei ya shilingi hapa kwa sababu bei mpya za mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na hesabu yangu hufuata hapo, lakini kila mteja wangu hupata karatasi yenye vipimo vitatu kabla sijawasha mashine: upana, kina tulichokubaliana, na yale niliyoyagundua kwa mtaimbo. Nikikuta jiwe ambalo mtaimbo haukulionyesha, nasimama, namwita mwenye nyumba aje aone kwa macho yake, na tunazungumza upya.

Mkaazi wa Barani

Ndugu, umeeleza vizuri, lakini mimi nina kisiki cha mwarobaini mbele ya nyumba na nimeshauriwa nikitoboe, nimwage mafuta, nikitie makaa, kiungue chenyewe kwa siku tatu au nne. Haitagharimu hata robo ya hiyo mashine yako. Kwa nini nisifanye hivyo?

Mwanzisha uzi

Kaka, siwezi kukuficha kwamba moto ni rahisi kwa gharama. Nakuomba tu ufikirie mambo mawili. La kwanza, moto wa kisiki haukai pale unapouona. Huingia katika mizizi mikavu na kusafiri chini ya ardhi polepole bila mwali, na waweza kutokea mita kadhaa mbali baada ya siku kadhaa, wakati umeshaamini umezimika. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa makuti, au zina banda la makuti, au zimepakana na jirani mwenye makuti, na upepo wa kaskazi hauhitaji zaidi ya cheche moja. Sote hapa tumeshaona hoteli na nyumba zikiteketea kwa saa moja.

La pili ni kuhusu mti wenyewe. Mwarobaini hauchoki kuchipua. Ukiukata huchipua kwenye kisiki, na mizizi yake ya pembeni ikijeruhiwa hutoa machipukizi mapya mbali na shina. Moto ukila katikati na kuacha mizizi ya pembeni ikiwa hai, mwaka ujao utakuwa na miarobaini mitano badala ya mmoja. Kwa sababu hiyo, ninaposaga mwarobaini sikubali kina chini ya sentimita 30, na huifuata mizizi mikubwa ya juu hadi inapokuwa nyembamba kama kifundo cha mkono. Hata hivyo nakuambia ukweli: kwa miezi kadhaa utaona machipukizi, nawe utayang'oa kwa mkono yangali machanga, na mizizi itakufa kwa njaa kwa kukosa majani.

Kama hujakiondoa bado, nijulishe nije na mtaimbo. Kukagua hakulipiwi.

Mwenye shamba, Ganda

Mwanangu, mimi ni mzee na nina visiki kumi na moja vya minazi iliyokufa. Vijana walivikata kwa msumeno wa mashine na kuviacha. Wengine wananiambia kisiki cha mnazi si kitu, kiache kioze. Je, kuna haja ya kuvisaga?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu, kwa sababu mnazi si mti kama miti mingine na visiki vyake vina habari yake.

Mwembe una gome, una moyo, na una mizizi mikubwa inayogawanyika. Mnazi hauna mzizi mkuu hata mmoja. Chini ya shina lake kuna bonge la mviringo ambalo mizizi mingi myembamba, kila mmoja mnene kama kidole, imetoka kila upande. Kwa sababu hiyo mtaimbo kwa mnazi huwa na kazi ndogo, na kwa kawaida kusaga bonge lile kunatosha kabisa. Ugumu wake uko kwenye nyuzi. Jino likiuma mwembe hutoa vipande vidogo vikavu vinavyorushwa nyuma. Likiuma mnazi mbichi hutoa kitu kinachofanana na chicha iliyochanganyika na makumbi, chenye unyevu, na nyuzi zake ndefu hujisokota kwenye mhimili wa gurudumu. Wiki iliyopita, katika shamba lisilo mbali na lako, baada ya kusaga visiki viwili nilizima mashine, nikachomoa waya wa plagi ya injini, nikapiga magoti na kisu cha kukatia makuti. Fungu la nyuzi lililozunguka mhimili lilikuwa limekazana kama kamba ya nanga, lina joto, na linanuka kama tembo lililochacha. Nililikata kwa dakika kumi na tano. Mtu asiyejua angeendelea, na fungu lile lingekula mkanda wa mashine.

Sasa kuhusu haja. Nina hakika unamjua chonga, mzee, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi usiku, hata makuti mapya yanapofunguka yanaonekana yamekatwa kwa pembe kama kwa mkasi. Chonga hutaga mayai yake katika minazi iliyokufa, magogo na visiki vinavyooza. Katika kisiki kimojawapo cha shamba nililolitaja, nilipofika kina cha kiganja, upande uliooza uliporomoka na ndani yake nikahesabu funza tisa weupe, wamejikunja, kila mmoja mnene kama kidole gumba changu, vichwa vya kahawia. Mwenye shamba alisimama kimya akiwaangalia, kisha akageuka kuitazama minazi yake hai iliyokuwa hatua thelathini kutoka hapo. Kuku walimaliza funza wale kabla sijazima mashine.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye minazi hai karibu, kuacha visiki kumi na moja vioze ni kumlea chonga mwenyewe. Kama fedha ni kidogo, anza na vile vilivyo karibu na minazi michanga. Na usirundike unga wa mbao mahali pamoja ukauacha na unyevu, bali utandaze uwe tabaka nyembamba ukauke.

Nina swali kwako pia, na usilichukulie vibaya. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyo juu yake ikawa ya mwingine, iliyonunuliwa au kurithiwa mbele ya mashahidi. Je, minazi hiyo ilikuwa yako mwenyewe? Sisagi kisiki cha mnazi shambani kabla ya kupata jibu la swali hilo, kwa sababu kisiki ni alama, na familia nyingi hutumia visiki kuonyesha minazi yao ilisimama wapi.

Mwenye shamba, Ganda

Marahaba. Umeuliza vyema. Tisa ni yangu. Miwili ni ya watoto wa marehemu ndugu yangu. Nitazungumza nao kwanza.

Fundi mashine, Maweni

Naomba nichangie upande wa meno, kwa kuwa wengi wenu wenye mashine hizi huniletea zikiwa zimeshachelewa. Jino butu hujitangaza lenyewe: badala ya vipande hutoa vumbi laini, mashine hutetemeka na kusukuma nyuma, na mbao hutoa moshi. Mwendeshaji akiona hivyo huongeza nguvu, na hapo ndipo mkanda unapoungua na beringi za mhimili zinapokufa. Tafadhali msinoe kabaidi kwa jiwe la kawaida la kunolea visu na mapanga, kwa sababu haliwezi. Linalika lenyewe na kulipasha jino joto hadi ncha inabanduka pale ilipochomelewa. Kabaidi hunolewa kwa jiwe la kijani la silikoni kabaidi au kwa gurudumu la almasi, polepole, bila kulazimisha.

Na boliti za meno zikazwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Jino lililolegea likiruka halina tofauti na risasi.

Mwanzisha uzi

Nakuunga mkono kwa kila neno, fundi. Naongeza la kwangu. Mwaka jana nilinunua seti nzima ya meno kutoka kwa muuzaji mmoja wa spea kwa bei nafuu sana, na ncha za meno manne zilibanduka katika kisiki cha kwanza, kilichokuwa mkungu tu katika mchanga safi. Moja tuliipata imezama katika ubao wa kinga. Tangu siku ile napendelea kununua meno machache mazuri kuliko mengi ya bei rahisi.

Kwa kuwa ubao wa kinga umetajwa, niseme jinsi tunavyoutumia. Kabla ya kuwasha tunasimamisha mbao za plaiwudi pande zote zinazotazama madirisha, magari, au njia. Watoto na wanyama wanaondolewa uwanjani kabisa. Hakuna anayesogea hadi nizime mashine na gurudumu lisimame, na gurudumu huendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kunyamaza. Mwendeshaji huvaa miwani ya kinga, vifunika masikio, buti na suruali nzito, na hakuna kanzu, kikoi wala shuka karibu na mashine hii, hata ikiwa ni kazi ya dakika tano. Wateja wengine hukasirika ninapowaomba wakae ndani. Nawaomba radhi, lakini siwashi.

Mama mwenye nyumba, Watamu

Nashukuru kwa uzi huu. Nilisagiwa kisiki cha mkanju na fundi mwingine mwaka uliopita. Alisawazisha unga wote wa mbao ndani ya shimo, akaniambia nipande nyasi juu yake. Nyasi ziliota, zikageuka manjano, zikafa. Isitoshe, mahali pale pamezama na sasa maji ya mvua hutuama. Je, ni mimi niliyekosea?

Mwanzisha uzi

Hapana, mama, hukukosea wewe. Unga wa mbao mbichi ukichanganywa na udongo, vijidudu vinavyouozesha huchukua naitrojeni iliyomo udongoni ili vifanye kazi yao, na nyasi hukosa chakula hicho. Ndiyo manjano uliyoyaona. Kuzama nako kunatokana na kitu hicho hicho: unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko mbao ilipokuwa nzima, hivyo shimo huonekana limejaa hata likafanya kichuguu, kisha unapooza na kushindiliwa hupungua, na mizizi ya chini nayo huoza na kuacha nafasi.

Linalofaa ni kuuzoa unga mwingi iwezekanavyo, kujaza shimo kwa udongo na kuushindilia kidogo kidogo, na kuacha kimo cha ziada cha sentimita chache kwa ajili ya kuzama. Unga uliozolewa haupotei. Utandaze juu ya ardhi chini ya miembe au midimu yako, mbali kidogo na shina, nao utahifadhi unyevu wakati wa jua kali, kwa kuwa ukiwa juu tu bila kuchanganywa hauinyang'anyi miti chakula chake. Usiuweke ukiegemea ukuta wa nyumba wala nguzo za banda, kwa sababu ya mchwa.

Kwa sasa, ondoa udongo wa juu pale palipozama, zoa unga ambao haujaoza, jaza udongo mpya uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyokaa, na upande mwanzoni mwa masika. Fundi akikupa bei, muulize waziwazi iwapo kuzoa unga na kuleta udongo vimo ndani ya bei hiyo. Mara nyingi havimo, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mwashi, Kisumu Ndogo

Nami niulize la kazi yangu. Mteja anataka kuongeza chumba, na kisiki cha mwembe kiko mahali pa msingi. Ukikisaga, naweza kumwaga zege juu?

Mwanzisha uzi

Usimwage, ndugu. Kazi yangu haitoshi kwa msingi. Chini ya nilichosaga kutabaki mbao, itaoza, na ardhi itashuka chini ya ukuta wako miaka michache baadaye. Hapo panahitaji sururu, shoka na vibarua wa kung'oa kila mzizi mnene, kisha kujaza na kushindilia upya hadi ardhi ngumu. Naweza kusaga sehemu ya juu ili kuwapunguzia vibarua kazi, lakini nitaandika kwenye karatasi kwamba sikuandaa msingi. Kwa ua uliowekwa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, ambapo magari hayapiti, kusaga kwa kina cha sentimita 30, kuzoa na kushindilia mara nyingi hutosha.

Kutoka Lamu

Salamu kutoka Lamu. Nina ua nyuma ya nyumba mjini, na kisiki cha mkwaju ambacho mizizi yake imeanza kuinua sakafu. Mashine yako yaweza kufika huku?

Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam. Mashine ndogo yaweza kupakiwa mashuani kutoka Mokowe na kusukumwa kwa mkokoteni hadi penye upana wa kutosha, lakini sitakuambia kwamba naja. Kuta za mji wenu ni za matumbawe na chokaa, zimeegemeana nyumba kwa nyumba, na mizizi ya mkwaju iliyoingia chini ya sakafu huenda imeshaingia ndani ya msingi wako au wa jirani. Mtetemeko wa mashine katika ua mwembamba kama huo naogopa utapasua lipu, na mzizi ukiondolewa ghafla ndani ya ukuta huacha uwazi. Zaidi ya hayo, Mji wa Kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na inafaa kuuliza ofisi ya Makumbusho kabla ya kugusa chochote kilichoshikamana na kuta za zamani. Ushauri wangu ni mafundi wenu wa matumbawe, patasi, na subira: kata mzizi kipande kwa kipande, ujaze chokaa kila unapoondoa.

Kama ungekuwa Shela ya kwetu badala ya Lamu, ningekuja kesho.

Msimamizi wa nyumba ya ufukweni

Mimi nasimamia nyumba ya kupangisha upande wa Casuarina. Mwenyewe yuko Ulaya na anataka visiki vya mivinje vilivyo mwisho wa bustani, karibu na mchanga, viondolewe kabla ya Desemba ili wageni waone bahari vizuri. Utaweza? Na kelele zake zikoje?

Mwanzisha uzi

Kelele ni nyingi, kwa hiyo nyumba za wageni napenda kuzifanyia kazi kati ya Aprili na Juni, zinapokuwa tupu, ingawa mvua ikizidi mashine huzama matopeni na lazima tusubiri siku mbili tatu za jua. Siku nyingine zote naanza saa tatu asubuhi, nasimama wakati wa swala, na Ijumaa nafunga kabla ya adhuhuri.

Kuhusu mivinje hiyo, naomba nione kwanza visiki viko upande gani wa ukuta. Vilivyo ndani ya bustani nitavisaga, na mchanga hurahisisha kazi. Vilivyo kwenye ukingo, pale mchanga unaposhuka kuelekea maji, sitavigusa. Mizizi ya mvinje, hata iliyokufa, inaushika ukingo ule kwa miaka, na wakati wa kusi mawimbi huchukua chochote kilicholegezwa. Iliyo upande wa pili wa bustani yako ni bahari iliyohifadhiwa tangu 1968, na kasa hupanda fukwe zetu kutaga. Mwambie mwenye nyumba kwamba visiki vikikatwa sawa na mchanga havitazuia macho ya mtu yeyote. Akikataa, mtatafuta mwingine, lakini nitasikitika.

Mkaazi wa Barani

Narudi kuwapa taarifa. Nilimwita mwanzisha uzi Jumatatu. Mtaimbo ulilia upande wa kusini wa kisiki, akaniita nikaushika mwenyewe nikausikia. Upana chini ulikuwa sentimita 62, ingawa mimi nilikuwa nimepima 45 kule juu. Tulikubaliana sentimita 30, isipokuwa upande wa jiwe ambako aliandika 20. Alipofika 20 upande ule alisimama, akazima, akaniita tena, na jiwe lilikuwa pale pale, jeupe, lina alama moja ya jino. Mizizi miwili aliifuata hadi karibu na varanda. Unga alizoa magunia saba, nami nimeuweka chini ya mipapai. Leo nimeng'oa chipukizi la kwanza, karibu na lango.

Mwanzisha uzi

Ahsante, kaka. Endelea kuyang'oa kila wiki, na usiyaache yakomae majani. Nitapita baada ya masika na toroli moja ya udongo kujaza palipozama. Hiyo imo ndani ya bei tuliyoandika.